Kubadilisha sili za pampu ya haidroliki, trekta kuukuu la bustani: povu kwenye tangi, unyevu shaftini

Gia_Pacha

Habari za kazi wakuu. Nina trekta dogo la bustani la miaka ya 1970, injini ya silinda moja. Pampu ya haidroliki ni ya gia, imefungwa mbele ya injini na inazungushwa kwa koplingi ya vipande viwili yenye mpira katikati. Kazi yake ni kuinua na kushusha mikono tu. Trekta lenyewe linatembea kwa giaboksi ya kawaida.

Injini ikiwa inafanya kazi, pale shafti inapoingia kwenye pampu panalowa tu, hapadondoki. Trekta likilala limezimwa, asubuhi kuna doa la mafuta chini, ukubwa wa kiganja. Mafuta yakipata moto yanageuka rangi ya chai ya maziwa, pampu inalia kama imejaa kokoto na mikono inapanda kwa kushtukashtuka. Yakiwa baridi mambo ni shwari kwa dakika 10 hivi.

Kibati cha namba kimefutika. Shafti nimepima 19.05 mm, na vifuniko vinashikwa na boliti 4 za inchi 5/16. Nataka nibadilishe sili zote (pete za mpira zinazozuia mafuta kuvuja) kwa mkupuo mmoja. Niagize sili ya vipimo gani na mpira wa aina gani? Ya zamani itolewe vipi bila kukwaruza? Na kati ya mwili na vifuniko niweke gaskiti ya karatasi au ile ya kupaka? Maana hapo napo panatoka jasho la mafuta.

---

Mzee wa Shafti

Karibu mkuu. Dalili zako mbili zina chanzo kimoja. Kwenye pampu nyingi za gia za namna hiyo, chumba kilicho nyuma ya sili ya shafti kimetobolewa tundu dogo linalorudisha mafuta upande wa kunyonya. Injini ikizunguka, presha ya chumba hicho inakuwa chini kidogo ya ile ya hewa ya nje, kwa hiyo sili iliyochoka haimwagi mafuta, inavuta hewa. Ndiyo maana huoni tone na tangi limejaa povu. Ukizima, mafuta ya tangi lililo juu yanashuka kwa uzito wake na kutokea palepale hewa ilipoingilia.

Ila hakikisha kwanza kwamba ni hewa, si maji. Chota mafuta yakiwa moto, yaweke kwenye glasi na uyaache yatulie. Yenye hewa huanza kung'aa kutoka chini kwenda juu. Yenye maji hubaki na ukungu muda mrefu, na tone lake ukiliangushia kwenye bati la moto linachachatika.

Kisha jiridhishe kwamba hewa haiingilii kwingine. Laini ya kunyonya, yaani hosi pana inayotoka tangini kwenda kwenye pampu, ikizeeka hupasuka chini ya klipu, mahali jicho halifiki. Zima injini, paka grisi nzito kuzunguka kila kiungo cha laini hiyo, washa kwa mwendo wa chini usikilize. Zima tena, paka na pale shafti inapoingilia, washa. Kelele ikipungua ghafla ujue umepafunika. Povu usilitazamie liishe papo hapo, hilo linahitaji muda. Na usipake shafti ikizunguka, hata kwa brashi yenye mpini mrefu.

Usiagize sili kwa kipimo cha shafti peke yake. Unahitaji namba tatu: kipenyo cha shafti, kipenyo cha tundu sili inapokaa, na kimo cha sili. 19.05 mm ni inchi 3/4 kamili, kwa hiyo pampu yako ni ya vipimo vya inchi na tundu la sili litakuwa hivyo pia. Ukikuta tundu la 31.75 mm, hiyo ni inchi 1 na robo; sili ya 32 mm utaipigapiga mpaka ijikunje na baadaye ivuje kwa nje, upande wa chuma. Pima tundu baada ya kuitoa ya zamani.

Mpira: nitraili, ile inayoandikwa NBR, inatosha kwa mafuta ya haidroliki na ya injini kama joto halipiti nyuzi 100. Ukipata FKM, mpira wa aina nyingine, ichukue, inastahimili joto kubwa zaidi na haikauki upesi.

---

Jiliwa

Nitaongezea kwenye kufungua, kwa sababu pampu nyingi hufa mikononi mwa mtu aliyekusudia kubadilisha sili tu.

Osha pampu nje kabla ya kugusa boliti hata moja. Chembe ya mchanga isiyoonekana kwa macho inatosha kuchora mistari kwenye chuma laini cha ndani. Hosi zikitoka, ziba midomo yake kwa plagi au mfuko safi, usizibe kwa tambara lenye nyuzi.

Chora mstari wa mshazari unaokata kifuniko cha mbele, mwili na kifuniko cha nyuma. Mstari huo ndio utakaokuonyesha kila kipande kilikuwa kimegeukia wapi. Nalisisitiza hili kwa sababu kifuniko cha mbele kikigeuzwa nusu mzunguko, kwenye baadhi ya pampu lile tundu dogo alilolitaja Mzee linaangukia upande wa presha. Sili ya kawaida ya mdomo (ukingo wa mpira unaogusa shafti) inavumilia presha ya kama nusu bar tu. Ukiwasha, inaruka nje sekunde hiyo hiyo, na mtu anailaumu sili.

Koplingi: legeza skrubu yake, vuta kwa pula. Usiigonge kwa nyundo, iwe kuingiza au kutoa, maana nguvu yote inapitia kwenye shafti na kusukuma gia dhidi ya kifuniko cha nyuma. Ikigoma, pasha moto kitovu cha koplingi chenyewe, si pampu. Ukishaitoa, toa na kii (kipande cha chuma kinachozuia koplingi isizunguke peke yake juu ya shafti), ulainishe kwa tupa ndogo kingo za mfereji wake. Kingo hizo zina ukali wa wembe na sili lazima ipite juu yake.

Boliti zikitoka, vifuniko hubaki vimeng'ang'ania kwa pini za kupangia. Usichokonoe kwa bisibisi katikati ya nyuso. Mkwaruzo mmoja hapo ni njia ya mafuta ya kudumu. Gonga pembeni kwa nyundo ya plastiki, huku na huku, mpaka kiachie. Kabla ya kuzitoa gia, weka alama kwa kalamu ya wino kwenye meno mawili yanayokutana na kwenye uso wa kila gia unaotazama mbele. Usitumie senta panchi, inainua chuma. Gia zimelika pamoja na nyumba zake kwa miaka mingi, zinatakiwa zirudi tundu lile lile, uso ule ule.

Sili ya shafti: kwanza pima kwa kalipa imezama kiasi gani kutoka usoni, andika. Kwenye vifuniko vingine unaweza kuisukuma kutokea ndani. Kama imekaa kwenye ngazi na haisukumiki, toboa tundu la 2 mm kwenye sehemu yake ya chuma, katikati ya mdomo na ukingo, ingiza skrubu ndogo nyuzi chache tu, uivute kwa koleo. Kuchimbua kwa bisibisi kutoka ukingoni ndiko kunakochora tundu. Angalia pia kama sili zilikuwa mbili zimepeana mgongo. Pampu nyingine zina ya ndani ya kuzuia mafuta na ya nje ya kuzuia uchafu, na ukirudisha moja, vumbi litaimaliza mapema.

Oringi, yaani pete ya mpira inayokaa kwenye mfereji wa kifuniko, usipime ile ya zamani uliyoitoa. Imelala miaka imebanwa, imekuwa bapa. Pima mfereji wake. Pampu za inchi hutumia unene wa 1.78, 2.62 au 3.53 mm. Ya 3.5 badala ya 3.53 haina shida, lakini ya 2.4 badala ya 2.62 kwenye mfereji wenye kina cha 2.05 inabanwa asilimia 15 hivi tu, wakati ya sawa inabanwa kama 22. Siku za kwanza zote zitakaa kavu. Mafuta yakipata moto, ile nyembamba itaanza kutoa jasho.

---

Mia_za_Milimita

Swali la gaskiti limepitwa, na ndilo linaloweza kukuharibia kazi yote.

USIWEKE KARATASI WALA YA KUPAKA kama pampu haikuja nayo kiwandani. Kwenye pampu hizi za zamani zisizo na mabamba yanayojikaza yenyewe, nafasi kati ya ubavu wa gia na kifuniko hupatikana kwa tofauti ya unene wa mwili na upana wa gia. Nafasi hiyo huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, yaani 0.01 mm. Mafuta yanayopenya kwenye mwanya huongezeka kwa mchemraba wa mwanya: ukiufanya mara mbili, yanayopotea ni mara nane. Karatasi ya 0.15 mm inageuza pampu nzuri kuwa kikorogeo, inazungusha mafuta ndani kwa ndani na kuyachemsha. Ile ya kupaka ina ubaya wa pili, kwamba ziada yake hujikunja kwa ndani, ikamegeka na kwenda kuziba lile tundu dogo la kurudishia mafuta au kukwamisha valvu ya kupunguza presha.

Kama ilikuja na gaskiti nyembamba kabisa, rudisha ya unene ule ule, uupime kwa maikromita. Kama ilikuja na oringi kwenye mfereji, nyuso zinakutana chuma kwa chuma, kavu na safi.

Sasa pima pampu kabla ya kuifunga. Weka gia ndani ya mwili, laza rula iliyonyooka juu yake, pitisha geji ya mwanya kati ya rula na ubavu wa gia. Ikiwa ya 0.10 mm inapita bila kusukumwa, sili mpya zitaondoa povu lakini mikono bado itapanda kwa uvivu mafuta yakiwa moto. Kisha tikisa shafti ndani ya bushi zake, yaani pete za chuma inamozungukia. Ukisikia mchezo mkononi, bushi imelika, na hakuna mdomo wa sili utakaofuata shafti inayoyumba.

Kama ndani utakuta bamba lenye mpira wa umbo la namba 3, pampu yako ni ya aina nyingine, inayojikaza kwa presha yake yenyewe. Mpira huo hutenganisha eneo la presha na la kunyonya. Piga picha kabla ya kuugusa, maana ukigeuzwa pampu haitajenga presha au bamba litapinda. Vile vipande vigumu vyeupe vinavyoandamana nao hukaa upande ambao presha inausukumia mpira, ili usitoke nje ya mfereji.

---

Dumu_la_Lita5

Kuna dawa za kuzibia uvujaji, unamimina tangini. Si rahisi kuliko kufungua?

---

Mzee wa Shafti

Ndugu, dawa hizo hufanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira. Sili iliyokakamaa inaweza kutulia kwa muda. Lakini dawa haichagui, inazivimbisha na oringi za valvu na za silinda, na zilizokuwa nzima zitalainika zianze kuliwa. Mdomo uliolika hauoti upya, na shafti yenye mfereji haijazwi na kimiminika. Kwa pampu inayovuta hewa, nashauri ifunguliwe.

---

Gia_Pacha

Asanteni sana wakuu. Jaribio la grisi limejibu: kwenye hosi hakuna mabadiliko, shaftini kelele imeshuka mara moja. Nimefungua kwa kufuata maelezo. Niliyoyakuta:

Sili moja, mpira umekauka kama plastiki, mdomo umekuwa bapa, springi imekatika. Tundu lake ni 31.75 mm. Shafti ina pete inayong'aa pale mdomo ulipokuwa unagusa, kucha inakwama. Gia inayoendeshwa haina neno. Gia ya shafti, ubavu wa nyuma, imechora duara kwenye kifuniko cha nyuma, na ubavu wa mbele hauna alama. Mwanya kwa geji ni 0.05. Bushi ya mbele inang'aa upande mmoja tu, ila mchezo hausikiki mkononi. Vipande vya koplingi vilikuwa vimesukumwa mpaka vimegusana, mpira umebanwa katikati. Tundu dogo la kurudishia liko wazi.

---

Mia_za_Milimita

Hapo ndipo penye jibu. Koplingi iliyobanwa bila nafasi inaisukuma shafti nyuma muda wote, ndiyo sababu duara liko kwenye kifuniko cha nyuma peke yake. Na bushi inayong'aa upande mmoja inaonyesha kwamba pampu na kranki (shafti ya injini) havitazamani katika mstari mmoja. Ukifunga sili mpya bila kurekebisha hayo, itakufa kifo kile kile.

Mwanya wa 0.05 bado ni mzuri. Duara la kwenye kifuniko, kama halina kina cha kukwamisha ncha ya kalipa, lisawazishe: bandika msasa wa maji namba 400 juu ya kioo kinene, nyunyiza mafuta mepesi, peleka kifuniko kwa umbo la namba 8, mkandamizo sawa, kigeuze robo kila mara. Maliza kwa 600 halafu 1000. Fanya hivi ikiwa tu uso ni tambarare na bushi hazijachomoza. Kusawazisha kifuniko hakubadilishi mwanya, kwa sababu mwanya umo kwenye mwili. Mwili wenyewe usiuguse kwa msasa. Sehemu mbili tatu za mia za milimita ukizitoa pale, gia zitabanwa zikipata joto.

Kisha osha kwa mafuta ya taa safi, kila tundu, halafu osha tena. Unga wa msasa uliobaki ndani utakula bushi ndani ya siku.

Pete kwenye shafti: njia mbili. Kuna mashati membamba ya chuma, unene wa 0.28 mm hivi, yanavishwa juu ya shafti na sili inabaki ya kipimo kile kile. Hiyo ndiyo kazi ya kudumu. Njia ya pili ni kuikalisha sili mpya 1.5 mm juu zaidi au chini zaidi, mdomo uangukie chuma kizima. Kabla ya kuizamisha zaidi, hakikisha haitafunika tundu la kurudishia. Ukilifunika, presha itajikusanya nyuma ya sili na kuitupa nje. Usijaribu kuitoa pete kwa msasa mkavu wa kusugua kwa urefu wa shafti; mistari ya urefu ni mifereji ya mafuta. Kama ni kung'arisha, sugua kwa kuzunguka.

---

Jiliwa

Kwenye kufunga: upande wa sili wenye springi unatazama mafuta, yaani ndani. Ukiona mishale kwenye sili, ifuate, maana hiyo imetengenezwa kwa mzunguko mmoja tu. Paka mafuta mdomo wote, jaza grisi kidogo nyuma ya springi ili isichomoke wakati wa kugonga. Ikalishe kwa kipande cha bomba au soketi yenye kipenyo pungufu kidogo tu ya sili, ili nguvu ishuke ukingoni na si katikati. Pima kina sehemu nne kwa kalipa. Ikiwa upande mmoja umezama nusu milimita zaidi, itoe uanze upya.

Shafti ivishe plastiki nyembamba laini kufunika mfereji wa kii, paka mafuta, pitisha kwa kuzungusha taratibu. Ukisikia kukwama simama. Mdomo ukijikunja hapo, springi huruka bila wewe kuona.

Gia zipake mafuta, rudisha kwa alama, kaza boliti mshazari kwa awamu tatu. Kitabu cha pampu ndicho chenye kauli ya mwisho. Kisipopatikana, boliti ya 5/16 ya nyuzi nene, daraja la 5, hukazwa kama futi-pauni 17, sawa na Nm 23, ikiwa kavu kwenye chuma. Mwili wa alumini punguza. Kila awamu zungusha shafti kwa mkono. Iwe nzito kwa ulaini wa mafuta, isiwe na mahali inapogota. Ikigota, legeza zote, gonga pini za kupangia, anza tena.

---

Gia_Pacha

Shati la shafti nimeagiza. Kwenye koplingi niache nafasi gani, na nipangeje pampu iwe mstari mmoja na kranki? Kuna chochote cha kufanya kabla ya kuwasha?

---

Mzee wa Shafti

Acha milimita 1.5 hadi 3 kati ya vipande vya koplingi na mpira wake, ili shafti iweze kwenda na kurudi bila kusukumwa. Kupanga: funga pampu kwenye bracketi yake boliti zikiwa bado legevu, laza rula fupi juu ya vipande vyote viwili vya koplingi, kisha ipeleke ubavuni, robo ya mzunguko kutoka hapo. Rula ikikaa bila mwanga kupita, mistari imelingana. Halafu pima nafasi ya kati kwa geji juu, chini, kushoto na kulia. Zikitofautiana pampu imeinama. Weka vipande vya bati jembamba chini ya miguu ya bracketi mpaka zilingane, kaza, kisha upime tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huihamisha. Angalia pia mipira inayoshika injini. Ikiwa imelegea, injini inashuka na mstari wote unapotea.

Mafuta ya zamani yamwage yote, badilisha filta, futa sakafu ya tangi. Jaza ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha trekta. Mengine ya miaka hiyo yalitumia mafuta ya injini kwenye haidroliki, kwa mfano trekta la Case 444 liliandikiwa 20W-40, kwa hiyo usidhani yote ni mafuta ya haidroliki.

Kabla ya kuunga hosi ya presha, mimina mafuta kwenye tundu lake huku unazungusha shafti kwa mkono kuelekea upande inakozungukia, mpaka pampu ishibe. Pampu ikianza kavu hujikwaruza kabla mafuta hayajaifikia. Unga hosi, toa plagi ya cheche, zungusha injini kwa stata sekunde 10, pumzisha, rudia. Kisha washa kwa mwendo wa chini, panda na shusha mikono mara 10 hivi bila kuishikilia mwisho wa safari, maana pale valvu ya presha inafunguka na kuyachemsha mafuta. Zima, ongeza kiasi kilichoshuka. Povu la mwanzoni ni hewa iliyobaki kwenye silinda na hosi, na linatakiwa lipungue kila mzunguko.

Kutafuta mvujo kwenye hosi za presha tumia kipande cha boksi, usipitishe mkono. Mshipa mwembamba wa mafuta yenye presha unachoma ngozi na kuingia ndani. Kidonda huonekana kama tundu la sindano na maumivu huchelewa, lakini ni cha kukimbiza hospitali saa hiyo hiyo.

Shafti kulowa kidogo saa za kwanza si kasoro, mdomo unajikalisha. Kukiwa na tone baada ya hapo, zima, subiri ipoe, uanze kupima na nafasi ya koplingi: skrubu yake ikilegea, kipande kinateleza nyuma na kurudi kugusana kama ulivyokikuta.